Kimya cha Siku ya Saba

Mwaka nilioingia darasa la tano, chumba changu kilipata mtu wa pili. Baba alikwenda kumpokea dada yake uwanja wa ndege, akamleta moja kwa moja kwenye fleti yetu ya Hyattsville, Marekani, na sanduku lake likasukumwa chini ya kitanda cha ghorofa. Mimi nilikuwa nikilala kitanda cha chini. Siku ile nikahamia juu, kwa sababu Shangazi Zuwena alikuwa mtu mzima, mnene, magoti yanamuuma, na hakuna aliyetarajia apande ngazi.

Tulihama Unguja nikiwa na miaka mitatu, kwa hiyo Shangazi nilimjua kwa sauti ya simu tu. Nilimpenda upesi. Alinisuka nywele kila Jumapili bila kunivuta, na alikuwa na namna yake ya kucheka bila kutoa sauti, mabega tu yakitikisika. Lakini usiku wa kwanza alipolala niliinuka nikakaa kitako, nikidhani kuna bomba limepasuka ukutani.

Sijui niueleze vipi mkoromo ule. Baba naye alikoroma, lakini mkoromo wake ulikuwa wa mfululizo, mtu unauzoea mpaka unausahau. Wa Shangazi ulianza chini, ukapanda, ukapanda tena, kisha ukakatika. Kikawa kimya kabisa. Nililala chali nikihesabu moyoni. Nikifika ishirini, siku nyingine thelathini, mwili wake wote ulishtuka, kitanda kikatikisika hadi kwangu juu, naye akavuta pumzi kama mtu anayetolewa majini. Halafu mkoromo ukaanza upya. Ilikuwa hivyo mpaka alfajiri.

Nilijaribu kila nilichoweza. Nilitia pamba masikioni, nikajifunika mto juu ya kichwa. Usiku mmoja nilichukua blanketi nikaenda kulala ndani ya hodhi la kuogea, na asubuhi Mama alinikuta humo nimejikunja, shingo imekaza. Mwalimu wangu aliandika barua nyumbani kwamba nasinzia darasani. Mama aliisoma, akaikunja, akaitia kwenye mkoba wake wa kazini. Chumba cha tatu hatukuwa nacho. Tungefanya nini?

Siku moja nilikuwa naongea na rafiki yangu kwenye simu, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba nimechoka kulala na mnyama chumbani. Nilipogeuka, Shangazi alikuwa mlangoni na nguo zilizofuliwa. Nilikuwa na hakika Kiingereza chake hakifiki huko. Alikunja nguo zangu moja moja, akazipanga kwenye kabati, akatoka. Usiku ule hakuja kulala. Nilipoamka kwenda chooni nilimkuta jikoni amekaa kwenye kiti, kichwa kinamwangukia kifuani, anakiinua, kinaanguka tena.

"Lala wewe kwanza, Raya mwanangu," aliniambia. "Ukishashika usingizi nitakuja."

Tangu usiku huo ikawa ndiyo desturi yake. Mimi nilijifanya nimelala ili asikae sana kitini, naye alikaa sana kitini ili mimi nilale. Sikumwomba radhi. Nilikuwa na miaka kumi, nikaona kama nikinyamaza jambo lile litajifuta lenyewe.

Mchana wake nao ulikuwa umeharibika. Alipata kazi ya kumtunza bibi mmoja mgonjwa huko Takoma Park, akaipoteza baada ya wiki sita, kwa sababu watoto wa yule bibi walikuja wakamkuta amelala kwenye kochi na birika limeungua jikoni. Alisinzia kwenye basi akapitishwa kituo, akapitishwa tena akirudi. Ijumaa moja tuliswali pamoja nyumbani, akaenda sijda asiinuke. Baba alipotoa salamu tukageuka, tukamwona amelala, paji la uso kwenye mswala. Hatukucheka. Alipozinduka alilia kwa aibu.

Ndipo Baba alipompigia simu Bibi, mama yao, aliyekuwa bado Unguja. Simu iliwekwa mezani sote tusikie.

"Hilo ni jinamizi," alisema Bibi. Sauti yake haikuwa na wasiwasi, ilikuwa kama ya mtu anayetajiwa jirani anayemfahamu. "Linamkalia kifuani. Marehemu baba yake lilimkalia vilevile mpaka alipoondoka. Sasa nisikilizeni. Mtu aliyekaliwa haamshwi kwa pupa. Roho yake iko mbali, mkimshtua haitaijua njia ya kurudi. Mfukizieni ubani, na mumtafutie kombe anywe siku saba. Siku ya saba litashuka. Mtajua kwa kimya."

Mama alinitazama. "Umesikia? Usimtikise hata siku moja."

Ubani tuliufukiza jioni ileile, na king'ora cha moshi kikalia jengo zima. Mama alipanda kwenye kiti akikipepea kwa taulo. Katika fujo ile akagonga mlango jirani yetu wa chini, Mkenya mmoja muuguzi tuliyemwita Mama Wambui. Alikuja kuona kama tunaungua. King'ora kilipotulia, sote tulimsikia Shangazi akikoroma chumbani. Alikuwa amelala muda wote ule.

"Huyo ni nani?" aliuliza Mama Wambui.

"Wifi yangu. Anakoroma sana, tusamehe."

Mama Wambui aliinua kidole tunyamaze. Mkoromo ulikuwa umekatika. Alitazama saa yake ya mkononi mpaka Shangazi aliposhtuka na kuvuta pumzi.

"Huo si mkoromo tu," alisema. "Huyu mama anaacha kupumua. Koo inajifunga akilala, hewa haipiti. Mimi nimewaona wengi kazini. Kuna mashine ya kuvaa usoni inayomsukumia hewa usiku kucha. Mpelekeni apimwe, tafadhali, na msikawie."

Baba alimshukuru kwa adabu zote. Mlango ulipofungwa akasema watu wa bara hawayajui mambo haya. Lakini Mama alikuwa anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee Silver Spring, na ile mashine alikuwa ameiona. Wiki iliyofuata alimpeleka Shangazi kliniki. Walirudi na karatasi: angepimwa akiwa usingizini, alale huko usiku mmoja, lakini nafasi ilikuwa miezi mitatu mbele. Mama aliibandika kwenye friji. Shangazi alikuwa ameonyeshwa picha ya mtu aliyevaa ile mashine, na picha hiyo ilimkaa.

"Nilale nimezibwa uso," alisema, "na pumzi yangu inatoka kwenye sanduku?"

"Watu wanaizoea, wifi," alisema Mama.

"Labda."

Kombe lilipatikana kabla. Mwalimu mmoja wa Lamu, aliyewasomesha watoto Kurani Jumamosi, aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikakoshwa kwa maji ya waridi, na maji yale yakatiwa kwenye chupa saba ndogo. Shangazi alianza kunywa Jumatatu. Nataka kusema kweli kuhusu wiki ile: ilikuwa wiki njema. Nyumba nzima ilikuwa na jambo la kungojea. Siku ya tatu Baba aliuliza, "Vipi usiku?" nikasema naona umepungua. Haukuwa umepungua. Siku ya tano nilisema vilevile, na siku hiyo hata mimi niliamini. Shangazi alinishika kidevu akanambia, "Nawe utapumzika, mwanangu. Nimekuchosha." Nikasema, hujanichosha, Shangazi. Hilo ndilo jambo la karibu kabisa na kuomba radhi nililopata kumwambia.

Jumapili ilikuwa siku ya saba. Alikunywa chupa ya mwisho baada ya kuswali adhuhuri, akaenda kujilaza. Nje kulikuwa na theluji chafu kando ya barabara. Baba alikuwa kazini ghalani, Mama anakata vitunguu jikoni. Nilipanda kitandani kwangu na kitabu cha maktaba. Mkoromo ulianza, ukapanda, ukakatika. Nikahesabu kwa mazoea. Thelathini. Arubaini. Nilipofika sitini niliacha, kwa sababu nilikumbuka ni siku gani.

Nilichungulia chini. Alikuwa ameelekea ukutani, kanga imemfunika hadi begani. Ametulia. Sikuogopa hata kidogo. Nilishuka ngazi kwa ncha za vidole, nikaenda mbio jikoni.

"Mama, limeshuka."

"Nini?"

"Hakoromi tena. Kimya kabisa, kama alivyosema Bibi."

Mama aliweka kisu chini. Macho yake yalikuwa na machozi, na sikujua kama ni vitunguu. "Alhamdulillahi," alisema. "Usimwamshe. Mwache alale."

Nikarudi, nikapanda juu, nikalala. Jambo hili sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Nililala usingizi mzito, mtamu, wa kwanza tangu Shangazi afike, mimi juu na yeye chini yangu, na nilipokuwa nikizama nilimshukuru Mungu kwa kimya kile.

Aliyeniamsha ni Baba. Alikuwa amerudi, anamwita dada yake waswali alasiri. "Zuwena. Zuwena, amka." Mara ya tatu sauti yake ilikuwa nyingine. Mama aliingia, akanishusha akiwa amenifunika macho kwa kiganja kinachonuka vitunguu.

Wale wa gari la wagonjwa walikuja, wakafanya walichofanya, hawakukaa sana. Mmoja wao aliuliza nani alikuwa wa mwisho kumsikia akipumua. Baba alinitazama. Nikajibu kwa Kiingereza kwamba alikuwa amelala vizuri. Yule mtu aliandika.

Tulimzika Maryland kwenye ardhi iliyokuwa ngumu kwa baridi. Bibi alipopewa habari kwenye simu alisema, "Limeshuka. Limekwenda naye." Hakurudia tena kuliongelea. Baba aliyashika maneno hayo, na mpaka leo ndiyo maelezo aliyonayo. Miezi ikapita, ikafika ile tarehe ya kwenye friji ambayo hakuna aliyeiondoa, na msichana wa kliniki akapiga simu kukumbusha: mgonjwa aje saa mbili usiku, anaruhusiwa kuja na mto wake mwenyewe. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Atakuja," alisema, akakata simu.

Sasa mimi ni mtu mzima na ninalijua jina la ule ugonjwa. Nimesoma jinsi koo linavyolegea, jinsi moyo unavyochoka. Nimejua pia kwamba Babu hakukaliwa na kitu, na kwamba Bibi, kwa lugha aliyokuwa nayo, alisema kweli tupu: ugonjwa ule ulikuwa wa ukoo wao, na mwisho wake ni kimya. Kujua hivyo hakujanisaidia kulala. Mume wangu anakoroma kidogo tu, mkoromo wa kawaida wa mtu aliyechoka. Anaponyamaza namgusa. Namgusa mara nne, mara tano kwa usiku. Alivumilia miaka mitatu. Siku hizi analala sebuleni, na sote wawili tunawaambia watu ni kwa sababu ya zamu zake za kazi.

Mwaka jana Mama alilazwa kwa siku chache, nami nikakaa naye. Alasiri moja, bila mimi kuuliza, alianza kuongea akitazama dirishani.

"Siku ile uliponiambia, sikwenda kumwangalia mara moja. Ilipita kama robo saa. Moyo ukanidunda, nikafungua mlango. Nyinyi wawili mmelala. Mkono wake ulikuwa umetoka nje ya kanga. Mimi nimewatengeneza maiti wangapi pale kazini, Raya. Kucha zikigeuka rangi nazijua."

"Kisha ukafanya nini?"

"Nikafunga mlango."

Alichezea ukingo wa shuka.

"Nilijiambia ni kiza cha pazia," alisema. "Nilitaka liwe limeshuka. Na wewe ulikuwa umelala vizuri, jamani. Muda mrefu sana nilikuwa sijakuona umelala hivyo."

"Alikuwa bado ana joto?"

"Sikumgusa, mwanangu."

Miaka yote ile nilidhani nimelibeba peke yangu, na nilidhani siku nikipata wa kunisaidia litapungua. Halikupungua. Nilimtazama Mama na nikaona kwamba naye alikuwa akingoja niseme kitu, neno lolote la kumtua. Nilimrekebishia mto. Akaniuliza kama nimekula. Hatukusameheana, kwa sababu si mimi wala yeye aliyejua hasa robo saa ile ingebadilisha nini, na mwenye haki ya kusamehe hayupo.