Kiazi cha Dadi Dirishani

"Hebu nambie, mjukuu wangu, ni nani aliyewaambia watu hawa kwamba sasa ni asubuhi?" Swali hilo nyanya yangu aliniuliza karibu kila siku ya majira yetu ya kwanza ya baridi London. Nilikuwa na miaka minane. Nilisimama juu ya zulia dogo, mikono nimeinyoosha, yeye akinivika sweta la pili juu ya la kwanza, na nje ya dirisha kulikuwa na giza lile lile tulilolala nalo. Taa za barabarani bado zilikuwa zinawaka. Pembeni ilinguruma hita ya mafuta ya taa, na harufu yake nzito ilikuwa imeingia katika kila kitu chetu: mablanketi, nywele zangu, hata mkate. Mpaka leo nikiipata harufu ile mahali popote, mabega yangu hujikunja yenyewe, kama ya mtu anayesubiri kufunguliwa mlango.

Tulikuwa watu wanne katika chumba kimoja na nusu, ghorofa ya juu ya nyumba moja ya Kingsbury: Baba, Mama, mimi, na mama yake Baba, ambaye nilimwita Dadi, kama watoto wengi wa Kihindi wa Mombasa wanavyomwita mama wa baba. Tulikuwa tumetoka Mombasa mwishoni mwa Februari, siku chache kabla ya Uingereza kuwafungia mlango watu wenye pasipoti kama zetu. Kiangazi kilipita vizuri. Kisha Oktoba Baba akanunua gundi, akakusanya magazeti ya wiki nzima, akaziba kila ufa wa dirisha. Alipomaliza alirudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yake, akasema, "Haya. Hapa hata nzi hatoki." Alikusudia kusema kwamba baridi haitaingia, lakini mimi niliyasikia maneno kama yalivyosemwa. Mzee wa Kiingereza aliyeishi chini yetu alikuwa hapendi kelele za miguu, kwa hiyo tulitembea kwa soksi, tena kwa ncha za vidole. Kamba yangu ya kuruka iliwekwa juu ya kabati. Shuleni nikirudi, saa kumi na moja ilikuwa tayari ni giza, na kazi iliyobaki ni kuhesabu maua ya karatasi ya ukutani, safu kwa safu, kisha kuyahesabu tena kutoka upande wa pili ili kuona kama idadi itabadilika. Haikubadilika.

Baba, aliyekuwa karani bandarini, sasa alibeba masanduku kwenye ghala. Mama alishona zipu za suruali katika kiwanda, suruali baada ya suruali, na usingizini vidole vyake viliendelea kusukuma kitambaa. Wote wawili waliondoka saa moja asubuhi. Tangu hapo chumba kilikuwa cha Dadi na mimi. Dadi hakutoka nje ila kunipeleka shule na kunirudisha, maana hakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Mombasa alikuwa akikaa kibarazani tangu alasiri, akijua habari za mtaa mzima kabla wenyewe hawajazijua. Hapa alizungumza Kiswahili na mimi, Kikachi, lugha yetu ya Kihindi, na Baba, nayo hita aliisemesha kwa lugha zote mbili, hasa ilipotoa moshi.

Jambo moja la Dadi niliseme mapema, la sivyo mtamchukulia kama alivyochukuliwa nyumbani. Baba yake alikuwa fundi saa. Alikulia katika duka dogo ambako saa za watu zilining'inia ukutani kila moja ikidai wakati wake, na kila mchana baba yake alitoka nje, akatazama kivuli cha fimbo aliyoisimika uani, kisha akarudi kuzisuta zile saa. Kutoka duka lile alikuwa amerithi saa moja ya mezani, ya shaba, ya kutia ufunguo, na ndiyo iliyosafiri London imefungwa ndani ya kanga tatu. Baba aliiweka sawa na saa yake ya mkononi siku tuliyofika. Na katika majira yale ya baridi Dadi alianza kuishuku.

Ilianza na sala. Alikuwa akisali alfajiri, akasoma uradi wake wote bila haraka, akakunja msala, akanipikia uji, akanisuka nywele, na bado jua halijachomoza. Saa ya mezani ilikuwa inakaribia saa tatu. Watoto walikuwa wakipita chini ya dirisha letu wakienda shule kama kundi la wachawi, kila mmoja na ukanda wa rangi ya chungwa mkononi. Kanda hizo tuligawiwa na mwalimu ili madereva watuone gizani. Siku ya kuzigawa alitueleza jambo refu mbele ya darasa, akionyesha saa ya ukutani, akizungusha kidole hewani. Kiingereza changu kilikuwa bado ni cha kuombea maji na ruhusa ya kwenda chooni. Niliambulia neno "giza" na neno "gari", nikavaa ukanda wangu, basi.

Kisha ikaja siku ya jua, moja ya zile siku chache. Ilikuwa Jumamosi. Dadi alichukua kiazi, akakikata kitako kikae vizuri, akakichomeka sindano ya kufumia sweta, akakiweka kwenye ubao wa dirisha. Kwa chaki ya Mama ya kushonea alipiga alama mahali kivuli kilipoishia. Nilikaa naye kutwa. Lilikuwa jambo la kwanza kutokea ndani ya chumba kile kwa wiki nyingi. Kivuli kilifupika, alama baada ya alama, na saa ya mezani ilipogonga saa sita Dadi akainua kidole: ngoja. Kivuli kiliendelea kufupika. Saa sita na nusu, bado. Ilipogonga saa saba ndipo kilipofika mwisho wake na kuanza kurefuka upya.

"Umeona?" Dadi alisema. "Jua liko katikati, na wao wasema saa saba. Saa zao zimekimbia. Si dakika tano, si kumi. Saa nzima."

Jioni alimwambia Baba. Baba alikuwa amevua viatu na anakanda miguu. Akacheka. "Mama, Waingereza ndio waliotuuzia saa. Sasa wewe na kiazi chako mwataka kuwafundisha?"

"Kiazi hakina pasipoti," Dadi akamjibu. "Hakimuogopi mtu."

Mama alicheka mpaka akashika tumbo, na kwa dakika moja chumba kikawa kipana. Lakini Jumatatu, wazazi wangu walipokwisha kutoka, Dadi alirudisha mshale wa saa ya shaba nyuma kwa saa moja, na tangu siku hiyo akanipeleka shule kwa wakati wake. Tulitembea kukiwa kumepambazuka, njia imetulia, na nilifika darasani wenzangu wamekwisha fanya hesabu. Jioni, kabla Baba hajaingia, aliisogeza tena mbele. Tuliishi hivyo wiki mbili, sisi wawili tukiwa na siri yetu, mpaka barua ya shule ilipokuja.

Barua ilimtaka mzazi. Dadi akasema mzazi ni yeye. Alivaa koti la Baba juu ya gauni lake refu, akajitanda shela, akaja nami hadi mlangoni mwa darasa, kichwa juu, kama mtu anayekwenda kudai haki iliyo wazi. Mwalimu alitoka. Nyuma yake wenzangu walikuwa wananyoosha shingo, na mvulana mmoja wa dawati la mbele akaniuliza kwa sauti, "Huko kwenu hakuna saa?" Wakaangua kicheko. Dadi hakuelewa. Alinishika bega.

"Mwambie hivi, mwanangu. Mwambie saa zenu zimekimbia saa nzima. Mwambie sikukisia, nimepima."

Nilimtazama mwalimu. Nilikuwa na maneno yote yaliyohitajika. Ni sentensi fupi, hata Kiingereza changu cha wakati ule kiliiweza. Nikasema, "Bibi yangu anasema nilikuwa naumwa na tumbo."

Mwalimu aliuliza kama ni kwa wiki mbili nzima. Nikasema ndiyo. Akamtazama Dadi kwa huruma, akasema polepole kwamba afya ni muhimu lakini shule pia ni muhimu.

"Asemaje?" Dadi akaniuliza.

"Anasema atawaambia wakubwa," nikajibu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliongeza uongo ule wa pili. Wa kwanza ulikuwa wa aibu, naufahamu. Wa pili nadhani ulikuwa wa mapenzi, ndiyo maana uliharibu zaidi. Dadi alirudi nyumbani akiwa amenyooka mgongo. Aliiweka saa ya shaba sawa na ya Baba, akanipeleka shule gizani bila kunung'unika, na kila asubuhi alisogea dirishani kutazama kama wakubwa wamekwisha kurekebisha. Wiki ikapita. Ya pili. Mwishowe, wakati wa chakula, akamwambia Baba mambo yote: kwamba amekwenda shule, amezungumza na mwalimu, mwalimu amekubali saa zimekosea na atawaarifu wenye mamlaka.

Baba aliacha kula. Alinigeukia. "Mwalimu alisema hivyo?"

Dadi naye alinitazama, akitabasamu, akinisubiri.

"Sijui," nilisema. "Sikumsikia."

Asubuhi iliyofuata Baba alichelewa kazi kwa makusudi, akaenda shule, akaambiwa habari ya tumbo. Hakuhitaji kuuliza zaidi. Kwake yeye ilikuwa wazi: mama yake alikuwa anasikia maneno yasiyosemwa na anachezea saa, na ndiye anayebaki peke yake na mtoto karibu na hita inayowaka. Msimlaumu upesi. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na ushahidi, na ushahidi huo niliutengeneza mimi. Saa ya shaba ikawekwa juu ya kabati, karibu na kamba yangu. Mama alijaribu kumtetea: "Ni baridi tu na upweke, mwache kidogo." Kiazi kilibaki dirishani kikaota macho, hakuna aliyekigusa.

Ndugu yake Baba, Ami Rashidi, alikuwa Kanada, mwalimu, mwenye nyumba ya peke yake. Barua zake zilisimulia theluji iliyofika madirishani na familia nzima kukaa ndani miezi mitano. Ikaamuliwa Dadi aende kwake. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kuhama kutoka baridi fupi kwenda baridi ndefu. Kwenye uwanja wa ndege Dadi aliinama, koti la Baba bado limemfika miguuni, akaninong'oneza, "Yule mwalimu wako, amewaambia wakubwa?"

"Bado, Dadi."

"Mkumbushe."

Mwezi mmoja baadaye ilikuja barua ya Ami. Baba aliisoma kwa sauti, akiwa amesimama. Ami aliandika kwamba mama yao amepona kabisa. Siku ya tatu tu baada ya kufika alikuwa amechomeka sindano kwenye kiazi, nao wakaogopa. Lakini saa sita mchana alitazama kivuli, akatazama saa ya ukutani, akacheka peke yake, akachomoa sindano na kukichemsha kile kiazi. Tangu siku hiyo hajataja habari za saa hata mara moja. "Mnaona?" Baba alisema, na macho yake yalikuwa na maji. "Ni hewa ya hapa iliyomchanganya." Mama akauliza, "Kwani huko hakuna baridi?" Baba akakunja barua. Dadi alifariki huko mwaka wa pili. Hatukumwona tena.

Sasa ninaishi dakika kumi kutoka nyumba ile. Maduka ya Kingsbury Road yanauza mihogo na bajia, na wanawake wa umri wa Dadi husimama mbele ya maduka hayo wakizungumza mpaka mifuko iwaume mikono. Ninalala dirisha likiwa wazi hata Januari, jambo linalomfanya Mama aseme elimu imenizidi. Huwa napita mbele ya shule yangu ya zamani saa mbili na nusu asubuhi, katikati ya baridi, na kuna mwanga. Hafifu, wa kijivu, lakini mwanga. Kwa miaka mingi hilo lilinifanya niitilie shaka kumbukumbu yangu. Nimezoea kushuku kila kitu, na sikuona sababu ya kuisamehe akili ya mtoto wa miaka minane. Niliamua kwamba giza lile nililitia chumvi kwa sababu ya chumba, magazeti ya dirishani na hita.

Kisha siku moja, nikitafuta habari nyingine kabisa katika magazeti ya zamani ya maktaba ya chuo kikuu, nilikutana na picha ya watoto wakivuka barabara gizani, kanda mikononi. Nilisoma maelezo yake nikiwa nimesimama, kama Baba alivyosoma barua. Kwa majira matatu ya baridi, ya kwetu ya kwanza yakiwamo, serikali ya Uingereza iliacha saa za nchi nzima zikiwa zimesogezwa mbele kwa saa moja, kama zinavyosogezwa kila kiangazi, kwa majaribio, mpaka bunge likazirudisha. Na walimu wote, pamoja na yule aliyesimama mbele ya Dadi akisubiri nitafsiri, walikuwa wakilijua jambo hilo.