Mkono Chini ya Kuni

Mjukuu wangu anarusha ndege ya rimoti hapa Chaka, na nitamsifu mpaka majirani wachoke. Ndege yake ya kwanza ilikuwa ya kujifunzia. Ikiyumba, ilijinyoosha yenyewe. Leo ameleta ya pili.

"Hii ukikosea inaanguka tu, shosho," akaniambia, akijivika shingoni ukanda wa kushikilia rimoti. Aliukata kwenye mkoba wangu wa zamani. Ngozi ilinuka jasho.

Nikamkumbuka mama, kwenye njia ya msituni juu ya Kianyaga. Mimi nilikuwa na ukanda wa kitoto wa kubebea kuni. Siku hiyo nililia mpaka akanipa wake. Ulinikata paji la uso, lakini mama alitembea nyuma yangu, mkono wake chini ya mzigo.

Karibu na mto mzigo ukawa mzito ghafla. Nikajua ameniachia.

"Maitu, ati umechoka?" nikamcheka mama. Mwenye ukanda kwenye paji hawezi kugeuka.

"Enda," akasema. "Umeshajua."

Nikaenda. Nilitaka baba anione nikifika peke yangu. Nilipotua kuni uani ndipo nikageuka, na njia haikuwa na mtu. Walimpata pale mtoni ameegemea mti, amekufa.

"Shosho, unaangalia?" Ndege ilikuwa juu, ndogo kama mbayuwayu.

"Naangalia."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, mkono wangu mgongoni pake.