Jointi ya Kushoto

Pale gereji walimwita Sikio, na aliyempa jina hilo hakukosea. Gari likiingia getini yeye yuko chini ya gari jingine, miguu tu inaonekana, alipaza sauti kutoka huko huko: "Jointi ya ekseli hiyo! Mwambieni asizime, azunguke kidogo." Mara nyingi ilikuwa hiyo.

Jointi ya ekseli haina siri kubwa. Ni goroli za chuma ndani ya kikombe, zimelowa grisi, zimefunikwa kwa mpira wenye mikunjo kama shingo ya kobe. Mpira ukichanika, grisi hutoka, mchanga huingia, chuma kikaanza kutafuna chuma. Gari likienda moja kwa moja halisemi kitu. Likikata kona ndipo linapolalamika: ka-ka-ka-ka.

Sikio alikuwa na namna yake ya kusikiliza malalamiko hayo. Nyuma ya gereji palikuwa na ukuta mrefu wa ghala. Alishusha vioo, akakunja usukani hadi mwisho, kisha akalizungusha gari taratibu kando ya ukuta ili kila mlio umrudie. Mafundi wenzake walishika ekseli kwa mkono na kuitikisa, wapime ulegevu wake. Yeye alisema kutikisa ni kazi ya mtu asiyejaliwa masikio.

Kuna vitu vinavyotuaga kwa adabu hata tusijue vimeondoka. Baada ya miaka mingi ya kugonga kwa nyundo ekseli zilizogoma kutoka, Sikio aliona mwaka ule mbu wamepungua. Alimwambia mkewe hivyo usiku mmoja, kwa furaha kabisa, na mkewe, aliyekuwa akijipiga makofi shingoni, akamtazama tu. Halafu ndege wa alfajiri nao wakaacha kuja. Halafu mfuniko wa birika ukaacha kulia. Moyoni alijua. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kujiambia ni kingine.

Siku moja mkunga wa mtaa wa pili alileta kigari chake, kinalia kona zote. Sikio alibadilisha jointi ya kulia, akafunga mpira mpya, akakizungusha ukutani. Kimya. Akafurahi. Siku hizi magari yake yote yalitoka kimya.

Wiki haikuisha, mkunga akarudi.

"Fundi, bado inalia."

"Mama, ile nimeifunga mpya kwa mikono yangu."

"Sikatai. Lakini inalia."

"Labda kijiwe kimenasa kwenye tairi."

Shemeji yake, mume wa dada yake waliyeanzisha naye gereji, alicheka akiwa ameinamia injini. "Mama, msamehe. Wanaume wakifika umri huu hata wake zao wakilia hawasikii."

Sikio hakucheka. Alichukua ufunguo, mkunga akakaa pembeni yake, shemeji akasogea ukutani akifuta mikono kwa tambara. Usukani ukakunjwa kulia hadi mwisho. Gari likazunguka mara moja, likazunguka tena.

"Umeona?" alisema Sikio. "Kimya."

Mkunga alikuwa anamtazama kama anavyotazama mgonjwa aliyesema haumwi popote. Pale ukutani, shemeji alikuwa ameacha kufuta mikono.

"Shemeji, unatania?" aliuliza. "Ya kushoto hiyo! Inalia kama kuku anayedonoa sufuria tupu!"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: barabara mbovu, spea za siku hizi, jointi ya pili imekufa jana tu. Wangemwamini, maana nani angembishia Sikio? Angebaki na jina lake, na mkunga angeondoka na jointi mpya. Lakini kimya kile cha ndani ya gari kilikuwa kilekile alichokifurahia wiki nzima, mwezi mzima, na huenda mwaka. Akayaona magari yote aliyoyaruhusu yatoke.

Alizima injini. "Sijasikia kitu."

"Leo?"

"Sisikii, shemeji. Sauti nyembamba hazinifikii. Sijui tangu lini."

Shemeji alisogea hadi dirishani. "Na breki za gari la shule? Nani alizisikiliza?"

"Mimi."

"Wewe!" Tambara likatupwa chini. "Mimi ni mtu baki? Nakula kwako, unakula kwangu, na jambo kama hili unanificha?"

Sikio alishika usukani wa gari lisilokwenda popote. Mkunga akamgeukia, akasema bila ukali.

"Fundi, gari hili likikwama njiani sikwami peke yangu. Kuna mtu yuko chumbani ananingoja. Niambie, nani atalitengeneza?"

"Nitalitengeneza mimi," alisema. "Kulijaribu, atalijaribu shemeji."

"Kama nitakubali," alisema shemeji, lakini alikwishaenda kuleta jeki.

Gurudumu lilipotoka, Sikio alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ujana wake: alishika ekseli kwa mkono na kuitikisa. Ilicheza kama jino la mtoto lililokaribia kung'oka. Muda wote ule ulegevu ulikuwa hapo, unangoja mtu aushike. Ndani ya mpira uliochanika grisi ilikuwa imekuwa tope. Alitoa jointi, akasafisha, akafunga mpya, na kila alipokaza nati alirudisha mkono kwenye ekseli. Haikucheza.

Shemeji alilizungusha ukutani kulia, kushoto, kisha tena, zaidi ya ilivyohitajika. Sikio alisimama kando ya mkunga akimsoma shemeji usoni, kama watu walivyomsoma yeye miaka yote. Hakujua kama anaadhibiwa au anasaidiwa.

Gari likasimama. "Safi," alisema shemeji, kwa mkunga. Kisha akamgeukia Sikio. "Sasa mpigie dereva wa gari la shule."

"Nimwambie nini?"

"Utajua wewe."

Sikio alitoa simu kwa vidole vyenye grisi, akaibana sikioni. Dereva alipopokea, alisema kwa sauti ya kusikika gereji nzima: "Simama hapo ulipo, usibebe mtoto. Tunakuja kuangalia breki upya. Nilikwambia ziko kimya, kumbe mimi ndiye sikuzisikia."