Kocha wa Gemu wa Miburani

Mkitaka kucheka chekeni, maana hata mke wangu bado hajamaliza.

Mimi ni fundi wa televisheni hapa Miburani, na umri wangu ni wa kuamkiwa na kila anayepita. Mwaka jana nilinunua gemu ya mpira, nikaifunga sebuleni. Vijana wakaja kucheza, nami nikawafunga wote. Nikajiona bingwa. Nikawaambia waniite kocha, nikaanza kuwapa mbinu: namna ya kukaba, namna ya kumhadaa kipa, hata namna ya kushika pedi. Walinisikiliza kama wako darsani.

"Kocha, ile pasi uliipigaje?" aliuliza Shomari, kijana wa kisiwa cha Juani aliyekuwa akivuka maji kuja kufungwa tu. Nami nikaeleza kwa kirefu, huku binti yangu Zuhura akituandalia chai na vitumbua.

Basi Shomari huyo huyo akaleta posa, tukamwozesha Zuhura. Fungate ilipokwisha nikawaita vijana wote, waone nikimnoa mkwe wangu.

Mkwe akanifunga saba bila. Nikasema pedi yangu mbovu, tukabadilishana, akanifunga tena. Wenzake nao wakapokezana kunifunga, hata Hamisi, ambaye miezi yote ile nilikuwa namwonyesha kitufe cha kupigia shuti.

"Jamani, haya mmejifunza wapi?"

Hamisi akaiweka pedi chini kwa adabu zote, akainamisha kichwa.

"Utusamehe, kocha. Zuhura si ameshaolewa."