Pamba Safi ya Milembe

Mwalimu Novatus alitufundisha historia ya dunia pale sekondari, Bariadi, na wala hakuwa mtu wa kujaza ubao tunakili. Walimu wengine walitupa tarehe tukariri. Yeye alituhamisha kwa mdomo tu: mara tuko Ghana ya kale, mara Timbuktu, mara Venisi kwenye maduka ya hariri. Kengele ikilia tulikasirika.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la biashara ya kimya. Wenye chumvi walivuka jangwa, wakapanga mafungu yao kando ya mto, wakapiga ngoma, wakaondoka. Wenye dhahabu wakaja, wakaweka dhahabu kando ya kila fungu, nao wakaondoka. Hawakuonana uso kwa uso, hawakujuana lugha, na hakuna aliyeiba.

"Mtu hayupo," Mwalimu alikuwa akisema, "lakini mali yake ipo, na ndiyo inayomsemea."

Mimi nilikuwa nimeshalisikia kabla sijaingia darasani kwake. Huko kijijini Nkoma, kwao na kwetu palitenganishwa na ua wa minyaa tu, na mama yake, Milembe, alilisimulia somo hilo kama vile alikuwepo. Kila likizo mwanawe alikaa naye uani wakati wa kuchambua pamba, akimpa kwa Kisukuma yote aliyotupa sisi darasani. Alimweleza jinsi Waingereza walivyobuni mashine za kusokota uzi, jinsi viwanda vyao vilivyokuwa na njaa isiyoisha, jinsi watumwa walivyovunishwa pamba Amerika, na jinsi njaa ile ile ilivyofika mpaka kwetu ikawageuza babu zetu kuwa wakulima wa pamba. Habari za watumwa zilimliza. Lakini alichokibeba moyoni ni kile kisa cha chumvi na dhahabu, akajijumlishia mwenyewe: pamba yangu inakwenda ng'ambo, huko kuna mtu anaishika, hajawahi kuniona, lakini akiishika ananijua.

Basi alichambua. Enzi za chama cha ushirika pamba ilikuwa na madaraja mawili, safi na fifi. Safi ni ile nyeupe isiyo na jani wala doa. Fifi ni iliyoharibiwa na wadudu au kuguswa na mvua. Sote tulichambua, maana karani wa chama akikukuta umechanganya alikurudisha nyumbani watu wakitazama. Milembe alipitiliza. Alikaa juu ya ngozi yake ya ng'ombe, akaipitisha pamba vidoleni kidogo kidogo kama mtu anayemtoa mtoto chawa, na ole wako usogee pale na miguu yenye vumbi. Tulimcheka sana, na yeye hakujali.

Kisha likaja soko huria. Katikati ya miaka ya tisini chama kilikuwa hoi, kufuli la ghala likaota kutu, na wanunuzi binafsi wakaja na malori na mizani zao. Tukaambiwa sasa tuko huru. Wakala wa kwetu alikuwa kijana mmoja aitwaye Salu, mwenye kofia na haraka nyingi. Kwake safi na fifi yalikuwa mamoja, lundo moja na bei moja. Watu walifurahi, na siwalaumu, maana kuchambua kunavunja mgongo.

Milembe alifika na mafurushi yake, akamwona Salu ananyanyua la kwanza kulimwaga juu ya lundo lililojaa majani. Akamshika mkono.

"Hii ni safi. Iweke pembeni."

"Mayu," Salu akamwita mama kwa Kisukuma, "siku hizi hakuna cha safi. Pamba ni pamba."

"Na huko inakokwenda watajuaje kuwa hii ni yangu?"

Watu waliangua kicheko. Milembe akafunga mafurushi yake, akarudi nayo nyumbani kungoja mnunuzi anayejua pamba.

Mnunuzi huyo hakuja. Pamba ilijaza chumba chake, ikamtoa, akawa analala jikoni kwenye moshi. Paa lake la nyasi lilikuwa limechoka, na mawingu yalikwishaanza kujikusanya. Ikinyesha mara moja tu, jasho la mwaka mzima linaoza. Mama yangu akamtumia Mwalimu ujumbe: njoo, mama yako anakusikia wewe tu.

Alikuja Jumamosi asubuhi. Nilikuwa natwanga upande wetu wa minyaa, na sitajifanya kwamba sikusimamisha mchi ili nisikie.

"Mwangaluka, mayu," Mwalimu akamwamkia.

"Mwangaluka, baba."

"Uza, mayu. Mvua hiyo inakuja."

"Nimuuzie anayechanganya? Wewe ndiye uliyeniambia mali ndiyo inayomsemea asiyekuwepo."

Mtu aliyetujibu maswali ya wafalme wote wa Mali na Songhai alitazama mawingu, akatazama lile paa, mpaka nikamwonea huruma. Kisha akadanganya.

"Huko kiwandani wanatenganisha wenyewe. Kuna mashine."

Milembe alifikiri. Mashine alikuwa akiziamini, kwa kuwa alisimuliwa na huyo huyo.

"Ina macho?"

"Inayo, mayu. Itaiona ya kwako."

Wakaipeleka siku ile ile. Nami nikabeba furushi moja, maana yalikuwa mengi. Salu akapima, akalipa, akamwaga. Milembe alikataa kuondoka. Alitaka kuisindikiza pamba yake kwa macho mpaka lori liondoke, na laiti tungemvuta mkono tukamrudisha.

Vibarua wawili wa Salu walikuja na ndoo. Wakaimwagia pamba maji ya bwawani, ya matope, wakarushia na mchanga, mchana kweupe na bila aibu, ili ikaongeze uzito kwenye mizani ya kiwandani. Wakaikanyaga kwa miguu ishindilike. Nilitamani kumpiga Salu, na nikikumbuka leo bado natamani. Pamba ya Milembe ilikuwa juu kabisa, nyeupe, kisha ikawa na rangi ya tope kama nyingine zote.

Milembe hakupiga kelele. Alimgeukia mwanawe, akamuuliza kwa upole, kama anavyouliza mtu anayetaka kujua.

"Sasa inanisemea nini?"

Walirudi nyumbani mmoja mbele, mwingine nyuma.

Mwaka uliofuata, wadogo zetu walipofikia biashara ya kimya, Mwalimu aliandika kichwa cha somo ubaoni akawaambia wasome wenyewe kitabuni. Walidhani anaumwa.

Milembe aliendelea kulima, angefanya nini? Lakini alivuna kila kitu kwenye gunia moja, pamoja na majani yake. Ile ngozi ya ng'ombe aliipandisha juu ya paa kuziba panapovuja.

Likizo ilipofika Mwalimu alikuja kama kawaida, akakaa uani mahali pake, akakohoa kidogo.

"Mayu, nikusimulie habari za Wareno?"

"Hapana, baba," alisema Milembe. "Siku hizi sichambui."