Jina Alilolitaka Mama

Kiherehere cha ualimu ndicho kilichoniponza. Daktari aliandika kwenye kadi ya mama kivumishi kimoja cha Kiingereza, kueleza aina ya kutetemeka kwa mikono yake. Tuliporudi nyumbani Gongoni, mama akaniuliza maana yake. Ningemjibu kwamba ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, yakaisha. Lakini mimi nafundisha Kiingereza bwana, nikaanza kumwaga elimu: neno hilo limetokana na jina la ukoo la daktari wa Uingereza aliyeueleza ugonjwa huo; wenzake wakalichukua jina lake, wakalibandika mkia, likawa neno.

"Yuko hai?" mama akauliza.

"Alishakufa, mama. Zamani sana."

Baada ya wiki mbili nikakuta vidonge alivyopewa na daktari vimefungwa kwenye pindo la khanga yake, hajavimeza. Alikuwa amekakamaa kitandani, hata uji unamshinda kumeza. Niliogopa, sisemi uongo. Daktari alishatuonya kwamba dawa zile haziachwi ghafla, mtu anaweza kufa.

Kwetu Puge, kijiji tulikotoka, mtoto akilia siku nyingi bila ugonjwa, wazee husema kuna marehemu anataka jina lake. Basi mtoto huitwa majina ya waliokufa, moja moja, na lile atakalonyamazia ndilo linakuwa lake. Mimi mwenyewe nilibadilishwa jina hivyo, nikanyamaza.

"Huyo Mzungu wako anadai jina," mama akasema kwa shida. "Niite kwa jina lake. Ukiniita, nitameza."

Nilibisha. Nikamwambia huo ni upuuzi, Mzungu hana ukoo na sisi. Ukweli ni kwamba sikuona upuuzi wowote. Niliogopa kwamba nikimwita hivyo nitakuwa nimemkabidhi mama yangu kwa huyo mtu. Na vidonge ninavyo mkononi, na mate yanamtoka mdomoni, hawezi kuyafuta.

Nikamwita.

"Abee," akaitika, akafungua mdomo.

Sasa ni miezi minne. Dawa anameza asubuhi na jioni, na daktari amefurahi. Ila nikimwita mama, haitiki. Nasimama mlangoni na kikombe cha uji, mtu mzima na akili zangu, naogopa kulitamka lile jina jingine, maana hilo anaitika upesi.