Nywele za Bibi Karai

"Yule bibi wa chumba cha mwisho anafuga nywele za watu kwenye karai," fundi cherehani wa chumba cha kwanza alimnong'oneza Mama Kidoti wakianika nguo. "Nyeupe, zinaelea. Usimsogelee na mtoto, shoga."

Mama Kidoti aliogopa, lakini hamu ya kujua haina breki. Jumapili mchana, Kidoti akisinzia mgongoni, alipiga hodi chumba cha mwisho.

"Karibu, mwanangu. Umetumwa na redio ya cherehani?"

Kicheko kilimponyoka Mama Kidoti. Karai lilikuwa mezani karibu na dirisha, na nywele kweli zilielea: mizizi ya maharage. Kwa miaka kumi na tisa sasa Bibi Karai amekuwa mwosha mizizi kwenye kituo cha utafiti wa mazao. Kazi yake ni kuutoa mche bila kukata mzizi, kuusuuza taratibu, kuutandaza majini kwa brashi laini, kisha kuhesabu matawi yake, hata yale membamba kama uzi wa buibui. Hii ya leo aliipanda mwenyewe, kwenye makopo ya dirishani.

"Huu ulikaa peke yake kwenye udongo ulionona. Unauonaje?"

"Una matawi ya kuhesabika. Kama umenyolewa."

"Ulishiba, ukazembea. Huu mwingine niliupanda na mwenzake kopo moja, udongo hohehahe, mbolea chembe tu hapo juu."

Wa pili ulikuwa kichaka. Ulikuwa na manyoya tele, na matawi yake yalitambaa juujuu badala ya kuzama.

"Mbona haukwenda chini, Bibi?"

"Ukafuate nini? Mzizi hauna macho, lakini penye chakula unapajua. Ukamkwepa mwenzake, ukaota manyoya ya kunyonyea."

"Kumbe kama sisi! Tulikuwa saba kwenye sinia moja. Mimi nilijua kula haraka kabla sijajua kusoma."

Bibi Karai alicheka mpaka maji karaini yakatikisika. Kisha akainama, akahesabu kwa ncha ya brashi, akaandika nyuma ya kalenda: arobaini na mbili.

Mama Kidoti alikuwa akihesabu naye kimoyomoyo. Alisita, akamweka mtoto sawa mgongoni.

"Bibi, samahani. Mimi nimepata hamsini na moja."

Bibi Karai akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena. Hakuhesabu upya.

"Hii ni miwani ya tatu," alisema. "Kituoni wanaandika ninachowatajia. Nikikosea mimi, mkulima anachaguliwa mbegu isiyojua kujitafutia. Afadhali niwaambie mwenyewe kesho, wanibakize kwenye kuosha tu, kuliko kuwadanganya."

Akautoa mche mwingine kwenye kopo, akausuuza, akautandaza katikati yao.

"Huu ndio utakaoamua kama macho yangu bado yanafaa kuhesabu. Nataka nikuombe kitu, mwanangu. Hesabu baada yangu, useme kwa sauti. Na usinionee huruma."